Pini Isiyokatika

Kwenye rafu ya juu ya karakana yake, Fundi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa pini zilizokatika. Mgeni akiliona alidhani ni takataka ambazo mwenyewe ameona uvivu kuzitupa. Haikuwa hivyo. Alizihifadhi kwa sababu mjomba wake aliyemfundisha kazi alizihifadhi, na kwa sababu zilimpa habari. Ukimwekea vipande viwili vya pini kiganjani angekwambia boti imegonga nini, upande gani, na kama nahodha alikuwa macho au anasinzia.

Pini yenyewe ni kitu kidogo, haifiki urefu wa kidole cha mwisho. Inapita katikati ya propela na kuishika kwenye mhimili wake, ili injini ikizunguka, propela nayo izunguke. Hutengenezwa kwa shaba ya njano, laini, na ulaini huo ni wa makusudi. Propela ikigonga jiwe au gogo, pini inakatika, propela inalegea, injini inapiga kelele bure na boti haiendi. Basi nahodha anauinua mguu wa injini, ule wenye propela, anachomeka pini mpya, dakika tano, safari inaendelea. Mjomba alimweleza hayo siku ya kwanza, tupa mkononi, bila hata kuinua uso. "Hii tumeiweka hapa ife, mpwa wangu. Isipokufa hii zitakufa gia za ndani, na gia huwezi kuzibadilisha ukiwa katikati ya maji."

Fundi aliyashika maneno hayo miaka thelathini na mmoja. Kisha akayaacha, na hakuyaacha kwa njaa wala kwa kutojua. Aliyaacha kwa sababu watu walimcheka.

Karakana ilikuwa banda la mabati, hatua ishirini kutoka gatini. Ndani kulikuwa na jiriwa iliyochakaa meno, pipa la maji la kujaribia injini, na ukuta wa spana zilizopangwa kwa ukubwa, kila moja ikiwa imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili ikiazimwa pengo lake lionekane. Harufu ya petroli ilikuwa imemwingia hadi kwenye shati lake la harusini. Mkewe alikuwa akisema kwamba hata akipotea sokoni angempata kwa pua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na aliyokuwa nayo hayakuwa na adabu sana. Injini nzima ikiwaka hurusha kijito chembamba cha maji kwa nyuma, na mafundi hukiita mkojo. Kwa hiyo hata akija mzee wa heshima zake, amevaa koti, Fundi alimwuliza kwanza, "Inakojoa?"

Kazi haikumkaukia kwa sababu bwawa halikuwa na daraja. Bwawa lile halikuumbwa na Mungu, lilijengwa. Fundi alikuwa na miaka saba ukuta ulipokamilika na maji yakaanza kupanda bondeni kidogo kidogo, yakameza mashamba, halafu vichochoro, halafu kijiji chao. Watu walihamishwa na mabati yao na kuku wao. Miti iliachwa imesimama, na kinu cha kusagia nafaka nacho kiliachwa, kuta zake za mawe zikiwa nzima. Baadaye boti zikapita juu ya vitu hivyo vyote na watu wakavisahau.

Lakini mwaka ule mvua zilikuwa haba, na maji yalishuka kila wiki. Na kila Alhamisi asubuhi watu wa ukutani walipiga king'ora, wakafungua milango ya chini ili mashamba ya huko bondeni yapate maji. Kwa muda wa saa nzima bwawa lilivutwa kuelekea ukutani, kwenye mdomo wenye vyuma vilivyosimama wima. Mwaka wa nyuma ng'ombe aliyeingia kunywa alivutwa hadi pale akabanwa kwenye vyuma. Alikaa siku tatu, kichwa kikionekana na kupotea, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumfuata. Tangu hapo watu wakawa wanakisikia king'ora wakiwa na mkono kifuani.

Boti ya Nahodha ndiyo iliyovusha watu asubuhi. Nahodha alikuwa mnene, mwenye sauti ya kusikika kingo zote mbili, na hakuna abiria aliyeshuka kwake bila kucheka. Miongoni mwa abiria wake alikuwemo binti wa pekee wa Fundi, mkunga katika zahanati ya ng'ambo. Kila siku saa moja kamili Mkunga alipita karakanani na mkoba wake, akamwambia baba yake, "Haya baba, tutaonana jioni," akapanda.

Ndani ya wiki tatu boti hiyo ilikata pini sita. Fundi alizitazama moja moja. Zote zilikatwa safi, ncha mbili sawa, bila kujikunja. Pini iliyochoka hujikunja kwanza, hizi zilipigwa.

"Unagonga kitu," alimwambia Nahodha. "Tena kilekile. Wapi?"

"Ukipita lile pipa jekundu linaloelea, kidogo tu. Lakini hapo hakuna kitu, Fundi. Maji matupu."

Fundi alipajua hapo mahali. Ukisimama pale miaka hamsini na kitu iliyopita ungekuwa mlangoni pa kinu, na mama yako angekuwa amekutuma unga.

"Hapo chini kuna kinu," alisema. "Maji yameshuka, ukuta wake umekaribia juu. Zunguka."

"Nizunguke niunguze petroli ya robo saa nzima? Nimepita hapo miaka kumi na minane bwana. Sema tu pini zako ni biskuti."

Abiria waliangua kicheko, na mzaha ukashika. Kesho yake akaitwa Fundi Biskuti. Mwalimu mmoja aliyezoea kuvuka na boti ile alimletea kikombe cha chai, akamwomba pini ya kuchovya. Hata ng'ambo jina lilifika. Jioni Mkunga alisimulia mezani kwamba mama mmoja, akiwa katikati ya uchungu, alimwuliza kama ni kweli yeye ni mtoto wa Biskuti. Mkewe Fundi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mkunga naye alicheka. Fundi alitafuna chakula chake, akanawa, akaenda kulala mapema.

Ndipo alipofanya lile alilolifanya. Kesho yake alichukua kekee iliyovunjika, chuma kigumu kinachotoboa vyuma vingine, akakata kipande cha shina lake. Tupa iliteleza juu yake bila kuuma, ikabidi akisage kwenye jiwe. Kilipopoa alikichomeka kwenye propela ya Nahodha, kikaingia barabara. Mkono wake ulijua ni kosa. Alisimama muda mrefu ameshika koleo. Lakini alikuwa na miaka hamsini na nane, na watu walikuwa wanamwomba pini ya kuchovya kwenye chai.

"Hiyo haikatiki," alimwambia Nahodha, na sauti yake ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka.

Haikukatika kweli. Siku moja, tatu, siku tisa. Nahodha alimsifu kila alipotia gati, abiria wakamvika kilemba cha ukoka, na Biskuti ikafa, akawa Fundi Chuma. Jina hilo lilimkaa vizuri. Alitembea sokoni ameinua kidevu, na mkewe akamwambia shingo itamuuma. Ila hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakujiuliza, kile kilichokuwa kinakata pini kimekwenda wapi.

Jumatano jioni Nahodha alileta boti ibadilishwe oili ya gia. Fundi alifungua skrubu ya chini ya mguu wa injini, oili ikateremka polepole kwenye beseni, nyeusi, na ndani yake kulikuwa na vitu vinavyong'aa. Alichovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Unga wa chuma. Halafu kikaja kipande chembamba, kikadondoka besenini na kutoa mlio mdogo. Kilikuwa ncha ya jino la gia.

Aliipapasa propela: panga moja lilikuwa limebonyea, na alama mpya za kugongwa juu ya za zamani. Kinu hakikuwa kimekwenda popote. Boti ilikuwa inakigonga kila asubuhi na kila jioni, na sasa kwa kuwa pini imegoma kufa, kipigo kilipita kikaingia ndani.

"Vipi, Chuma?" aliuliza Nahodha kutoka mlangoni. Nyuma yake walisimama watu wanne watano, wamekuja kupiga soga. "Injini ina afya?"

Hapo alikuwa na nafasi yake. Ilihitaji maneno machache tu: nimekosea, boti isiende kesho. Aliyafungulia mdomo. Akawaona wote wanamtazama kwa tabasamu, wanangoja lolote la kuchekea, na yule mwalimu yumo.

"Oili ilichoka tu," alisema. "Kesho jioni iletwe tena, kuna kitu nataka kukaza."

Kesho jioni. Alijiambia kwamba ni siku moja tu. Ataitoa ile pini kimya kimya, atachomeka ya shaba, na gia ataitafutia kisingizio. Alilala huku ameyaangalia mabati ya paa, na mkewe alipomwuliza ana nini, alisema mbu.

Asubuhi Mkunga alipita na mkoba wake. Ilikuwa Alhamisi.

"Haya baba, tutaonana jioni."

Abiria kumi na wawili walikuwa wameshaketi, na Nahodha anavuta kamba ya kuwashia. Fundi alitoka hadi ukingoni mwa gati. Injini iliwaka, ikakojoa vizuri, kila mtu akaona. Alichosema, na atakikumbuka hadi kufa kwake, ni hiki: "Mwende polepole."

"Kwani tumebeba bibi arusi?" alijibu Nahodha, na wakaondoka wanacheka.

Alirudi kwenye jiriwa lakini hakushika kitu. Masikio yake yaliifuata boti. Aliisikia ikifika kwenye pipa jekundu. Akasikia kishindo, kifupi, cha kuzibwa na maji, na baada yake injini ikalia kwa sauti nyembamba ya kitu kilichopoteza mzigo wake.

Watu wa gatini walicheka. "Pini," alisema mmoja. "Biskuti imerudi."

Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba pini ile haiwezi kukatika. Kilichokuwa kimevunjika ni vyote vingine. Na kabla kicheko hakijaisha, king'ora kikalia kule ukutani.

Fundi alikuwa na kiboti kidogo cha kujaribia injini, na injini kuukuu ambayo hakuna aliyewahi kumlipia. Alikirusha majini, akaiwasha kwa mvuto wa tatu, akaondoka bila viatu. Mfukoni mwa surwali alikuwa na pini za shaba, kwa mazoea tu, kama wengine wanavyotembea na funguo. Mbele yake boti ya Nahodha ilikuwa imegeuka ubavu na inasogea. Ilikwenda taratibu, taratibu ya kutisha, bila wimbi wala kelele, abiria wote wakiwa wameketi palepale walipoketi. Nahodha alikuwa ameinua mguu wa injini na ameinama juu ya propela. Fundi alijua anachokitazama: pini nzima, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nahodha angeitazama pini hiyo mpaka vyuma vya ukutani, asielewe.

Wakatupa nanga. Kamba ikaenda yote. Pale chini ndipo mto wa zamani ulipopita, na nanga haikugusa kitu.

Alipofika kwenye pipa jekundu Fundi alisahau kuzunguka. Alisahau, yeye aliyewaonya wengine. Kinu kilimpiga, tiki, na injini yake ikalia nyembamba vilevile. Maji nayo yakamshika, akahisi kiboti kinaanza kugeuka kuelekea kule kule.

Akauinua mguu wa injini. Pini ya kwanza ikamponyoka ikazama. Akaibana ya pili kwa meno huku anavisukuma nje vipande vilivyokatika. Aliisikia ladha ya shaba. Akaichomeka, akafunga kofia ya propela, akateremsha mguu, akavuta kamba. Propela ikashika. Ilikuwa kazi ya dakika tano, naye aliifanya kwa pungufu ya mbili, na katika hizo mbili ukuta ulikuwa umekuwa mrefu.

Mkunga ndiye aliyeidaka kamba ambayo Fundi aliwarushia alipowafikia. Wengine walikuwa wameduwaa, mwalimu amefumba macho. Aliifunga kwenye pete ya mbele kwa mikono iliyotulia, mikono inayofunga vitovu vya watoto, akamtazama baba yake. Walikuwa hatua hamsini kutoka kwenye vyuma. Kiboti kilivuta, kikasimama, kikavuta tena. Kwa muda mrefu hawakwenda mbele wala nyuma. Kisha milango ikafungwa, king'ora kikalia mara ya pili, na maji yakawaachia.

Gatini walimbeba Fundi juu juu. Mwalimu alilia hadharani. Nahodha aliufungua mguu wa injini mbele ya umati, na gia zikamwagika vipande vipande, mhimili umepinda. Katikati ya uharibifu ule akaichomoa pini, akaiinua juu watu waione. "Tazameni. Kila kitu kimekufa, kazi ya Fundi imebaki nzima."

Watu wakapiga makofi. Fundi aliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Nyumbani Mkunga hakuvua hata sare. Alimfuata uani, akasimama mbele yake.

"Baba, ile pini ni ya chuma. Wewe huweki chuma. Ulijua lini kwamba gia zinaliwa?"

"Jana jioni, mama."

Alitikisa kichwa polepole, akihesabu saa moyoni. "Asubuhi nilikuaga," alisema. "Ulitoka ukanitazama napanda."

Fundi angetamani binti yake apige kelele, amtukane, kama ambavyo wengine wangefanya. Mkunga aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na taratibu ile ilimuumiza zaidi.

Baada ya wiki Nahodha alipata mguu mwingine wa injini, uliotumika lakini mzima, akauleta karakanani na jeshi lake la wapiga soga. "Haya, Chuma. Nitilie ileile. Ile isiyokatika."

Safari hii Fundi aliweka spana chini akasema yote: kinu, unga wa chuma, Jumatano, aibu. Alilishusha kopo la mjomba akawaonyesha zilizokatika, akaeleza kwamba kila moja ya hizo ilirudisha watu nyumbani. Alisema, "Mimi ndiye niliyewavunjia gia, si kinu."

Halafu mwalimu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anashangaa. Mwingine akasema si kushangaa, ni wazi: shaba inakatika kila siku, kila siku unarudi kwa Fundi. Chuma kimemnyima wateja, sasa anatunga hadithi. Nahodha alimtazama muda mrefu, na sura yake ya mzaha ikafa. "Kumbe unataka tukwame ili wewe ule," alisema. Akabeba mguu wake wa injini akaupeleka kwa fundi wa gati la pili, kijana mwenye mashine mpya, ambaye hakuwa na kopo lolote. Huyo alimtilia chuma, tena kinene zaidi.

Watu wanavuka na Nahodha mpaka leo. Karakana ya Fundi imepungua watu, na spana zake zote zipo mahali pake kwa kuwa hakuna anayeziazima. Siku ya tatu baada ya kukiri, saa moja kamili, Mkunga alipita na mkoba wake kama kawaida. Hakwenda gatini. Alisimama kando ya kiboti.

"Utanivusha wewe," alisema. Ilikuwa sentensi ya kwanza kwa siku kumi. Fundi alipangusa kiti kwa shati lake.

Sasa huvuka wawili hao kila asubuhi, taratibu, wakizunguka mbali na pipa jekundu. Katika mfuko wa mkoba, kando ya mkasi na pamba, Mkunga huweka pini nne za shaba, na ameshafundishwa kuzichomeka. Hawaongei sana. Boti ya Nahodha huwapita katikati ya bwawa, imejaa, na abiria huwapungia mikono kwa dhihaka.

Alhamisi iliyopita boti iliwapita hivyo hivyo. Fundi alizima injini yake ili asikilize. Boti ilifika kwenye pipa, na sauti ya kugonga ikaja juu ya maji, fupi, ya kuzibwa. Injini haikubadilika mlio. Boti ikaendelea, watu wake wanacheka kitu alichokisema Nahodha.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia."

Mkunga alitazama kule ukutani, ambako mtu mmoja aliyeonekana mdogo kwa mbali alikuwa anapanda ngazi za chumba cha king'ora. Fundi aliinama chini ya kiti, akaitoa kamba ndefu, akaanza kuikunjua.